Chumba cha Pili Kisiwani

Debra Achola alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na serikali ya kaunti ikamwajiri kwa sababu hiyo hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja alizunguka Kisumu na koti jeupe la afisa wa afya, akifunua masufuria ya watu, akinusa mafuta ya kukaangia samaki ajue yametumika mara ngapi, akiinua kitambaa cha kufutia meza kwa ncha ya kalamu kana kwamba anainua panya aliyekufa. Wenye mikahawa walimwita Madam Harufu. Jina hilo alilijua na wala halikumuudhi. Kwa hiyo ukisikia kwamba Debra, akiwa na miaka thelathini na minne, hatimaye alikubali kuolewa, ujue mwanamume huyo alikaguliwa kuanzia kucha za miguu.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Walter Ooko, mtu wa Asembo Bay, muuza matrekta, nadhifu wa mavazi na mtamu wa maneno. Mwaka huo aliuza matrekta kuliko wenzake wote, na kampuni yake ikamzawadia safari ya watu wawili, siku saba, katika meli kubwa ya watalii inayozunguka visiwa vya Bahari Hindi. Meli hiyo ilipita Unguja, Ushelisheli na Mauritius, na abiria alikuwa huru kuipandia popote kati ya hapo. Harusi ikasogezwa ili iwahi meli. Kilichobaki ni wao kuchagua kisiwa cha kupumzikia siku nne za fungate kabla ya kuingia melini.

Siku hizo nne Debra alizitaka kuliko meli yenyewe. Tangu wachumbiane, hawakuwahi kukaa wawili nusu saa bila mtu wa kamati ya harusi kuchomoza na daftari. Walter mbele za watu alikuwa Walter wa watu: anacheka na huyu, anamkubalia yule, anamwitikia kila mtu. Debra alitaka kumwona Walter asiye na mtu wa kumfurahisha. Alitaka kujua ni nani hasa anayemwoa.

Sasa, kuchagua kisiwa cha fungate ni kazi ya watu wawili. Walter alikuja na Obonyo.

Huyu Obonyo alikuwa msimamizi wao. Kisumu harusi haisimamiwi na rafiki mmoja wa bwana harusi basi. Inasimamiwa na mume na mke waliokwisha kufunga ndoa kanisani, watu wenye nyumba ya kupigiwa mfano, ambao wenyewe huwaita besti kapo. Mchungaji huwahoji, kamati huwapitisha, nao huwashika maharusi mkono kuanzia kupima nguo hadi madhabahuni. Hata baada ya harusi, maharusi wakikorofishana, besti kapo ndio huitwa waje wakae kochini wasuluhishe. Obonyo na mkewe Winny walikuwa na ndoa ya miaka kumi na miwili, watoto watatu, na duka la saruji na mabati. Obonyo na Walter walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana tangu sekondari.

Ofisi ya safari ilikuwa juu ya duka la vitambaa katikati ya mji. Mwenyewe, Bi Nalini, alikuwa mama wa Kihindi wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa Kisumu, anayezungumza Kidholuo kizuri kuliko baadhi ya watoto wa shemeji zake Debra. Aliwageuzia kioo cha kompyuta na kuanza kuwaonyesha picha. Obonyo akavuta kiti chake mbele ya Debra. Mdomoni alikuwa na kijiti cha meno, na kila alipotaka kuonyesha kitu alikitoa kile kijiti, akakigusisha kwenye kioo, akakirudisha mdomoni. Kwenye kioo cha Bi Nalini kulibaki vidoa vya mate. Debra alivihesabu hadi vinne, kisha akaamua kuangalia dirishani.

"Hii kitanda ni kubwa kama shamba!" Obonyo akasema. "Omera, ndugu yangu, hapa utalima mpaka uombe msaada."

Walter akacheka. Alicheka kile kicheko cha kumpa mtu nafasi ya kuendelea, na Obonyo akaendelea, na aliyoyasema kuhusu kitanda na mgongo wa bibi harusi hayafai kurudiwa. Bi Nalini aliinamisha macho kwenye vitufe vya kompyuta akawa kama mtu anayetafuta herufi iliyopotea. Debra alihisi ngozi ikimsisimka kwa chukizo, hasa kwa kuwa Walter alikuwa bado anacheka.

Visiwa vyenyewe navyo havikumsaidia. Hoteli ya Unguja ilikuwa na kidimbwi ambamo mgeni hutumbukiza miguu, vikaja visamaki vikamla ngozi iliyokufa.

"Samaki hawa asubuhi wamekula nyayo za Mjerumani," Debra alisema, "halafu jioni wale zangu?"

Ya Ushelisheli ilikuwa na beseni la kuogea katikati ya chumba, na choo kikiwa nyuma ya kipande cha kioo, bila mlango. Debra akauliza ni nani aliyewadanganya wazungu kwamba mapenzi ni kusikilizana chooni. Ya Mauritius ilikuwa safi kidogo, ila picha ilionyesha meza ndefu ya chakula cha kujipakulia, watu mia mbili wakishika kijiko kimoja, na kitandani kulikuwa na taulo lililokunjwa likawa ndege. Aliyelikunja mikono aliiosha wapi, picha haikusema.

"Deb, chagua basi," Walter akamwambia. "Ni siku nne tu."

"Mauritius," Obonyo akajibu kwa niaba yake. "Tumalize maneno. Mauritius ndiyo iko fresh. Na sisi kama besti kapo tutawapeleka mpaka huko, mimi na mama watoto. Tukae na nyinyi hizo siku nne, tuwaone mkipanda meli, ndio turudi. Chumba ya pili najilipia."

Debra alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Walter, na Walter akawa anafunga saa yake iliyokuwa imefungwa tayari.

"Fungate si mazishi," Debra alisema. "Haisindikizwi."

"Ni heshima, Deb. Obonyo anajitolea."

Debra alitaka kusema hapana, hapo hapo, mbele ya mate yaliyokaukia kwenye kioo. Kilichomfunga mdomo ni Winny. Kama angekuja Obonyo peke yake, Debra angepiga kelele hadi wauza vitambaa wapande ngazi. Lakini Debra alimpenda Winny. Akajiambia kwamba Winny atamshika mumewe, watakaa upande wao, na baada ya yote siku ni nne. Ndivyo mtu anavyomeza kitu kichafu, akijiambia ni kidogo.

Jumapili baada ya ibada walikula chakula cha mchana kwa Winny, mtaa wa Mamboleo. Winny alikuwa mwalimu wa chekechea, mnene wa wastani, mwenye sauti ya chini ambayo watoto huitii bila kujua. Jikoni kwake ndiko mahali pekee Kisumu ambapo Debra alikula bila kuangalia kwanza. Kitambaa cha meza cha Winny kilinukia jua. Miezi mitatu sasa Winny alikuwa akimkalisha kila Alhamisi na kumfunda mambo ya nyumba: namna ya kuishi na mama mkwe, namna ya kunyamaza bila kununa, namna ya kuomba radhi bila kujidhalilisha. Debra, asiyeambilika kazini, kwa Winny aliambilika.

Siku hiyo kulikuwa na samaki wa ziwani, ngege, wa mchuzi, ugali na osuga, ile mboga chungu ya mnavu. Obonyo alikula kama kawaida yake, kichwa cha samaki mdomoni, akikifyonza kwa kelele, miiba akiitema juu ya kitambaa kile kile kinachonukia jua. Winny aliiokota miiba kimya kimya huku akiendelea kuzungumza. Kisha akavuta sahani ya mumewe, akamchambulia nyama ya mgongoni, akamrudishia. Debra alitazama kando. Alijiuliza kama na yeye itambidi aokote miiba ya mtu, akajifariji kwamba Walter alikuwa akiweka yake pembeni mwa sahani, kwa mstari.

"Shem," Walter akamtania Winny, "nguo ya kuogelea umeshanunua? Maji ya Mauritius inakungoja."

"Mwili huu wa watoto watatu nitaonyesha nani?" Winny akajibu. "Mimi nitakaa kwa kivuli niwachungie viatu."

Wakacheka wote. Obonyo alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi Walter ampige mgongoni.

"Lakini iwe Mauritius, si kwingine," Winny akaongeza huku akimwongezea mumewe mchuzi. "Kule hakuna malaria. Baba Hawi malaria ikimshika huwa inampanda kichwa. Mwaka juzi nilimlinda hospitali siku tisa."

Hoja ya afya Debra hakuwa na la kuipinga. Akaona haya kwamba alikuwa akimnyima mwanamke huyu siku nne za kukaa kivulini. Palepale akasema sawa, iwe Mauritius, na Walter akamshika mkono chini ya meza, mkono mkavu na safi. Debra akafurahi. Aliondoka Mamboleo siku hiyo akijiona ana watu.

Jumatano asubuhi alikuwa ufukweni akikagua vibanda vya samaki. Ziwa lilikuwa limefunikwa magugu hadi ukingoni, na chini ya magugu maji yalikuwa yameoza. Alikuwa ameinamia karai la mafuta meusi kama lami, mwenye kibanda, mzee mmoja aitwaye Odongo, akimwapia kwamba mafuta ni ya jana tu, simu ilipolia. Alikuwa Bi Nalini.

"Debra, iko shida kidogo. Pasi ya kusafiria ya huyu msichana wa chumba cha pili inaisha muda baada ya miezi minne. Ndege hawakubali, wanataka sita. Mwambie abadilishe haraka."

"Msichana gani, mama? Chumba cha pili ni cha Winny na mumewe."

Vitufe vya kompyuta vikasikika vikibonyezwa.

"Jina lililo hapa ni Rosa Wakhisi," Bi Nalini akasema.

Debra alimjua Rosa Wakhisi. Ni mmoja wa wasichana sita watakaomsindikiza kanisani, tena ndiye anayewafundisha wenzake hatua za kucheza wakati wa kuingia. Obonyo ndiye aliyemleta kwenye kamati, akisema ni binti wa jirani yake dukani na anajua kucheza. Nguo ya Rosa ilipopimwa, aliyeshika utepe, akampima kifua na kiuno, akamwambia asimame wima mwanangu, alikuwa Winny.

"Hiyo pasi ilikufikiaje?" Debra akauliza.

"Bwana Walter aliileta mwenyewe. Jumatatu. Akaniambia nisikusumbue na mambo ya chumba cha pili."

"Na wewe ukasahau agizo lake."

"Sikusahau," Bi Nalini alisema polepole. "Nilikaa siku mbili nikifikiri. Yule bwana alivyoongea hapa ofisini kwangu juu ya kitanda... Nikaona leo nisahau kwa makusudi. Nisamehe, binti yangu."

Miaka kumi na mmoja Debra alifungua mashimo ya vyoo, akaona nyama yenye funza ikikatwakatwa ipikwe, akanusa vitu ambavyo madereva wa kaunti waliomba wavisubirie garini, na hakuwahi kutapika. Siku hiyo alitapika. Aliinama nyuma ya kibanda cha mzee Odongo, juu ya magugu, akatapika chai na mkate na kila kitu. Haikuwa Obonyo aliyemtapisha; huyo Debra alimjua ni uchafu tangu siku ya kijiti. Ilikuwa Walter. Walter aliyebeba pasi ya Rosa mfukoni, labda mfuko wa shati, Jumatatu, siku moja baada ya kula ngege wa Winny na kumuuliza habari za nguo ya kuogelea.

"Madam, si samaki yangu!" mzee Odongo alilia akimletea maji. "Wallahi samaki ni ya leo!"

Alasiri hiyo aliendesha hadi Mamboleo. Njia nzima alitafuta maneno, na kila aliyoyapata yalikuwa na uvundo. Utamwambiaje mtu aliyekukalisha kila Alhamisi akakufunda kwamba mumewe anakwenda kustarehe na msichana ambaye yeye mwenyewe alimpima nguo? Alimkuta Winny sebuleni akipiga pasi mashati ya Obonyo, watoto wakiwa bado shuleni. Debra hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, akiwa amesimama mlangoni, jina la Rosa likiwa la mwisho.

Winny alimaliza kola. Akaligeuza shati, akaanza mkono.

"Kaa chini, nyamera, dada yangu," akasema. "Umepauka."

"Umenisikia, lakini?"

"Nimekusikia. Nilijua."

Debra akakaa ukingoni mwa kochi.

"Tangu lini?"

"Rosa? Tangu Februari. Kabla ya Rosa kulikuwa na mwingine, wa Awasi. Huyo alikuwa mbaya, alikuwa ananipigia simu. Rosa ana heshima kidogo." Winny alilisema hilo kama mtu anayelinganisha mabomba ya maji. "Baba Hawi aliniambia nitoe udhuru siku za mwisho, niseme shule imeninyima ruhusa. Mimi nibaki, wao waende. Huko hakuna mtu anawajua."

"Na wewe ndiye uliyesema Mauritius! Ulisema mezani, mbele yangu!"

"Nilisema," Winny akakubali. "Kabla hamjaenda ofisi ya safari alikuwa anataka Unguja. Sasa akipata malaria huko, Rosa ndiye atamlinda? Rosa atakimbia. Watamleta kwangu akiwa kwa machela. Ni mimi nitakaa hospitali siku tisa. Basi nikaona wacha nimchagulie pahali hakuna mbu."

Alisema hayo bila machozi na bila haya, akinyunyiza maji kwenye shati la mwanamume. Debra alitazama mikono yake, ile mikono safi aliyoiamini kuliko yote Kisumu, na kwa mara ya kwanza alisikia kinyaa katika nyumba hiyo. Kisha akajichukia kwa kukisikia.

"Tulikuwa wanne mezani," alisema. "Mjinga nilikuwa mimi peke yangu."

"Hukuwa mjinga. Ulikuwa mgeni." Winny akazima pasi, akaja kukaa karibu naye. "Sikiza. Mimi kazi niliyopewa ni kukufundisha kukaa. Si kupika, kupika ulijua. Kukaa. Hata mimi besti kapo wangu aliniambia hivi hivi, jikoni kwake, mwezi mmoja kabla ya harusi. Nililia, halafu nikazoea. Walter si mbaya. Walter hana mtu, ningekuwa najua. Usivunje kitu kwa sababu ya makosa ya mtu mwingine. Na tafadhali, nyamera, usinitoe nje. Watu wa kamati wakijua, mimi nitaweka uso wangu wapi? Hapa mtaani mimi ni Mwalimu. Niachie hiyo."

Debra alimwahidi. Ni kitu gani kingine angefanya? Alimkumbatia akatoka, na garini alifungua vioo vyote vinne.

Alimpa Walter hadi Jumamosi. Hakumwambia kwamba anampa; alisubiri tu. Bado alimtaka, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alimtaka yule mtu wa mkono mkavu na miiba iliyopangwa kwa mstari. Akawaza kwamba huenda Walter mwenyewe amebanwa, amekosa pa kuanzia, na akipewa nafasi atasema. Alhamisi Walter akamtumia picha ya moyo mwekundu juu ya bahari ya buluu. Ijumaa akamtumia wimbo wa kwaya. Neno hakusema.

Jumamosi ilikuwa siku ya kikao cha mwisho cha kamati, nyumbani kwa wazazi wa Walter huko Asembo. Wazee walitaka wawaone besti kapo, wawawekee mikono, wawaombee. Obonyo na Winny walikuwa wametangulia. Walter alipanda gari dogo la Debra akiwa na shati la kitenge lililopigwa pasi vizuri, mikate minne na sukari ya mama yake mapajani, na kabla hawajatoka mjini alikuwa ameshasimulia mambo matatu ya kuchekesha. Debra hakucheka hata moja. Walipokaribia Kisian, pale njia ya Asembo inapoiacha ile ya Busia, aliegesha gari kando, mbele ya wauza mahindi ya kuchoma, akazima injini.

"Rosa Wakhisi," alisema.

Walter akamgeukia. Usoni mwake Debra aliona jambo ambalo alikuwa akiliomba asilione: hakushtuka kwa aibu, alianza kupiga hesabu ya nani aliyesema.

"Nalini," akasema. "Yule mama nilimwambia..."

"Mwache Nalini. Uliipeleka pasi kwa mkono wako."

"Deb, hiyo ni mambo ya Obonyo. Mimi ni nani nimwambie mtu mzima vile ataishi? Aliniomba tu nimsaidie, mimi ndiye nilikuwa napita pale. Wewe unajua mimi siko hivyo. Naapa kwa mama yangu, tangu nikujue sijamwangalia mwanamke mwingine."

"Nakuamini," Debra alisema, na kweli alimwamini.

Walter akashusha pumzi. Akaanza hata kutabasamu.

"Ulikula chakula cha Winny," Debra akaendelea. "Kinywa chako kikiwa na mchuzi wake ukamuuliza kama amenunua nguo ya kuogelea. Ulijisikiaje?"

"Sasa ningesema nini? Ningenyamaza, angeshuku. Nilikuwa namlinda, Deb. Kama hajui, haumii. Hiyo si ubaya, ni ustaarabu."

Ustaarabu. Debra alilisikia neno hilo likishuka kooni kama kipande cha mafuta baridi. Mama mmoja muuza mahindi alikuja dirishani, akawatazama nyuso, akarudi kwenye jiko lake bila kusema kitu.

"Nikuulize la mwisho," Debra alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na moyoni alikuwa akimwombea mtu huyu ajibu vizuri, akimwombea kwa dhati. "Tuseme siku moja wewe ndiye utakayekuwa Obonyo, na mimi ndiye nitakayekuwa Winny. Nimeketi mezani nakuchambulia samaki, na Obonyo anajua kila kitu. Yeye angeniambia?"

Walter hakufikiri hata kidogo. Uso ulimng'aa, kwa kuwa hatimaye alikuwa ameulizwa swali analolijua.

"Obonyo? Wacha! Obonyo hawezi kuniuza, hata umkate vidole. Ungekaa na yeye miaka ishirini, husikii neno. Huyo ndiye rafiki ya kweli, Deb. Ndiyo maana nilimchagua."

Alisema hivyo kwa fahari. Alikuwa anamsifu.

Debra alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kola hadi kucha, kama alivyomtazama siku za kwanza. Hapakuwa na doa hata moja. Aliona jinsi atakavyoishi naye: mashati safi, mikono safi, nyumba inayong'aa, na watu wawili wakitabasamu mezani wakijua jambo asilolijua yeye. Kichefuchefu kikampanda tena, ila safari hii hakikuwa na haja ya kutoka. Alijua cha kufanya nacho.

"Shuka, Walter."

"Nini?"

"Shuka garini kwangu."

Walter alicheka kidogo, akamtazama, akaacha. Akafungua mlango, akasimama kando ya barabara na mikate yake minne na sukari, lori likampita likamtimulia vumbi kwenye kitenge.

"Deb, wazee wanangoja! Harusi ni wiki tatu! Nikifika nitawaambia nini watu?"

"Mpigie Obonyo," Debra alisema huku akiwasha gari. "Yeye ndiye anayejua la kusema."

Akaligeuza gari, akarudi Kisumu.